Muscat itakupokea kwa Kiswahili, mkataba ni wa Kiarabu

Mswahili anayekuja Muscat kutafuta maisha hukuta kitu ambacho mwenzake aliyekwenda Stockholm hakioti: wenyeji wa nchi wanaoongea Kiswahili. Na si kile cha kuombea maji. Utakaa kwenye foleni ya hospitali umsikie mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya nakshi akimwambia mkewe, "Subiri kidogo, wataita namba yetu," lafudhi ya Mji Mkongwe tupu. Hawa ni watu waliotoka Unguja, Pemba, Mombasa, Tabora, Bujumbura, au watoto na wajukuu wao. Wengi waliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wengi wakaingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita waliosoma waje kuijenga. Leo wamo wizarani, benki, hospitali na kwenye kampuni za mafuta.

Bahati hiyo inawaponza wengi wetu. Umefika juzi, umeshaitwa "mwanangu", umeshalishwa biriani Seeb, na mama mwenye nyumba kakufungia maandazi ya kuondoka nayo. Basi unajiona umefika kwa shangazi. Unaacha kusoma karatasi, unaacha kujifunza Kiarabu, unaacha kutafuta marafiki wengine. Ninachotaka kukwambia wewe unayejiandaa kuja ni hiki: Kiswahili kitakufungulia nyumba za watu, nazo ni nyumba nzuri sana. Ofisini mambo yanakwenda kwa karatasi, na humo hakuna shangazi.

Nianze na karatasi, kwa sababu ndizo zinazoliza watu.

Kila kampuni hapa ina mandubu, yule bwana anayezunguka na mafaili wizarani na polisi kushughulikia viza, bataka na mikataba. Bataka ndiyo kadi yako ya ukaazi, na bila hiyo hupati akaunti ya benki. Mandubu wa kwetu ni mzee aliyezaliwa Wete. Siku mkataba wangu ulipoletwa kuongezwa muda, alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kunisomea kile Kiarabu kwa Kiswahili, kidole kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto. Alipofika kwenye fedha, kidole kikasimama. "Hapa, mwanangu, ndipo watu wanapolia. Hii ya juu ndiyo yako. Hizi za chini wanakupa leo, kesho wanaweza kukwambia hali ya kampuni mbaya."

Ya juu ni mshahara wa msingi. Za chini ni posho za nyumba, usafiri, simu na chakula. Mtu akiwa nyumbani anaambiwa kwa simu "utalipwa riali 500", anapiga hesabu kwa dola (riali moja ni kama dola 2.6, na haipandi wala kushuka kwa sababu imefungwa kwenye dola), anaona utajiri, anasaini. Hajauliza msingi ni ngapi. Sasa angalia: kwa sheria ya kazi ya mwaka 2023, kiinua mgongo cha mgeni ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliofanya kazi. Mwenye riali 500 ambazo msingi wake ni 400, akikaa miaka minne anaondoka na 1,600. Mwenzake mwenye 500 hizohizo lakini msingi 220 anaondoka na 880. Walikuwa wanakaa meza moja na kula kantini moja. Kwa hiyo ukipigiwa simu ya ajira, swali lako la kwanza liwe mshahara wa msingi, hata kama anayekupigia ni mtu wa nyumbani na unaona haya kumhoji.

Sheria hiyohiyo inaweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi mitatu, saa nane za kazi kwa siku na arobaini kwa wiki, na likizo ya siku thelathini kwa mwaka. Pia inamkataza mwajiri kukaa na pasipoti yako bila ridhaa yako ya maandishi. Zingatia maneno hayo ya mwisho, maana katika rundo la makaratasi ya siku ya kwanza huenda karatasi ya ridhaa imo, nawe unasaini kila unachonyooshewa. Tangu Januari 2021 unaweza pia kuhamia kwa mwajiri mwingine mkataba ukiisha, bila kumpigia magoti wa zamani akupe barua ya kutokuwa na pingamizi. Zamani barua hiyo ndiyo iliyokuwa kamba ya shingoni. Mwajiri akikudhulumu, malalamiko yanaanzia Wizara ya Kazi, na kesi ya mfanyakazi haitozwi ada ya mahakama.

Angalia pia kazi iliyoandikwa kwenye bataka. Kama imeandikwa mtunza ghala na wewe unaendesha gari la kampuni, siku ya ukaguzi tatizo ni lako pia. Na kuna kazi ambazo serikali imezitengea raia wake. Orodha inabadilika mara kwa mara, na ikifika zamu ya kazi yako, viza haitaongezwa hata kama bosi anakupenda kama mwanawe. Usichukulie kama chuki. Kila nchi inatafutia vijana wake ajira. Wewe jisomee kitu cha pili wakati mshahara bado unaingia.

Dada zetu wanaokuja kufanya kazi za nyumbani wasiyachukue haya kama yao. Sheria hiyo ya kazi haiwahusu wafanyakazi wa majumbani, wao wana taratibu zao, na kinga yao ni nyembamba zaidi. Hilo linataka makala yake peke yake.

Tuje ofisini penyewe. Utadhani Oman ofisi ni Waarabu. Katika kampuni binafsi nyingi mwenye mali ni Momani, lakini anayepanga zamu yako, anayesaini ovataimu yako na anayeamua kama ripoti yako ni nzuri anatoka Kerala, kusini mwa India, au ni Mmisri, Mpakistani, Mfilipino. Mazungumzo ya kweli ya ofisi yanafanyika kwa Kimalayalam, lugha ya Kerala, karibu na birika la chai. Wewe na Kiswahili chako mko pembeni, isipokuwa pale mkurugenzi anapopita na kusema "Habari za asubuhi, ndugu yangu?" na ofisi nzima inageuka.

Hapo pana mtego. Nilifahamiana na kijana wa Morogoro, mchapakazi wa ghala, ambaye bosi wake mkubwa alikulia Dar es Salaam. Akitaka likizo anapanda ghorofani, wanacheka, wanakumbushana Kariakoo, anashuka na likizo. Msimamizi wake Mhindi anaipata habari hiyo mwisho kabisa, tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Hakugombana naye. Alianza tu kumwandikia kila dakika aliyochelewa, kwa barua pepe, nakala kwa kila mtu. Mkataba ulipofika mwisho faili lilikuwa nene kuliko la mtu yeyote, na mkurugenzi aliyekuwa anacheka naye akasema hana la kufanya. Mzungumze Kiswahili na mkubwa, ndiyo, tena kwa raha zenu. Ila ombi la kazi lipitie kwa msimamizi, kwa maandishi, na mbele ya wenzio uongee lugha wanayoielewa wote. Watu wanavumilia mengi, lakini wanaoongea jambo usilolielewa huku wanacheka hawavumiliki.

Kitu kimoja tunachokuja nacho kutoka nyumbani, na ambacho Mzungu anapewa semina ili akijue, ni salamu. Hapa hauingii kwa mtu moja kwa moja na shida yako. Unauliza hali yake, watoto, baba yake aliyelazwa, safari yake ya Nizwa, ndipo unatoa karatasi. Jifunze salamu hizo kwa Kiarabu chao, ndefu kabisa, hata kama baada yake huna neno jingine la kusema. Mtu wa dirishani anayekuona umehangaika na lugha yake anakuvumilia bataka yako iliyopitwa na siku.

Kuhusu saa: mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, imekuwa hivyo tangu 2013. Jumapili ndiyo Jumatatu yetu. Yaani ndugu zako wakiwa harusini Jumapili, wamevaa sare na wanakupigia video wakuoneshe bibi harusi, wewe uko kwenye kikao. Waeleze mapema, vinginevyo utaitwa mwenye maringo. Maduka mengi ya Ruwi na soko la Mutrah yanafunga kuanzia mchana hadi alasiri, kisha yanachangamka usiku. Kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nje za juani zinasimamishwa kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, na ukitoka nje saa hizo utajua kwa nini. Mwezi wa Ramadhani Waislamu wanafanya kazi saa sita kwa siku. Wewe usiyefunga, chupa yako ya maji usiifungue barabarani wala kwenye gari. Kula hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa la jinai hapa.

Sasa nyumba za watu, ambako ndiko utamu ulipo.

Ukialikwa Ijumaa baada ya swala, nenda. Usiseme "nitaangalia" halafu ukalala. Viatu nje, salimia kila mtu mkono kuanzia kulia, ukae unapooneshwa. Itakuja kahawa ya iliki kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, pamoja na tende au halua. Pokea kwa mkono wa kulia. Anayemimina atasimama mbele yako na atakujazia tena na tena mpaka utikise kikombe kushoto kulia, hiyo ndiyo alama ya kwamba umetosheka. Wengine wanakunywa mpaka wanatetemeka kwa kutojua hilo. Wali unaliwa kwenye sinia moja, kila mtu na upande wake, na mwenye nyumba atakurushia minofu upande wako bila kukuuliza. Wanaume na wanawake kwa kawaida wanakaa vyumba tofauti, hata kwenye familia ambazo kina mama wana shahada mbili. Usiende mikono mitupu. Karafuu, korosho za Mtwara, majani ya chai ya nyumbani: bibi mmoja wa Al Khoud nilimpelekea karafuu za Pemba, akafungua mfuko pale pale, akanusa, akaita wajukuu waje wanuse.

Na mwaka 1964 bado upo kwenye nyumba hizo. Kuna mzee atakusimulia nyumba yao ya Malindi ya Unguja, ngazi zake, mlango wake, na kaka yake ambaye hawakumwona tena. Kama umesoma shule za Bara, hadithi ya mwaka huo uliisikia kwa namna nyingine, na utatamani kumsahihisha. Usimsahihishe. Huko si darasani, na hakukualika kwa mjadala. Msikilize, umuulize juu ya yule kaka. Wapo pia Waomani wasio na asili ya Afrika Mashariki ambao huwatania wenzao hao kwa Kiswahili chao. Utani huo uache uwe wao.

Upande wa Wakristo, wengi huja na hofu, hasa mama zao walioko nyumbani. Makanisa yapo, mitaa ya Ruwi na Ghala, kwenye viwanja vilivyotolewa na Sultan, na ibada zenye watu wengi ni za Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Mara ya kwanza kuimba nyimbo za Jumapili siku ya Ijumaa unahisi kichwa kimegeuka. Unazoea. Kinachotakiwa ni ibada ibaki ndani ya eneo la kanisa, na kuhubiri mtaani usijaribu.

Mji wenyewe umebanwa kati ya milima na bahari, mrefu kama utepe kutoka Mutrah mpaka Seeb. Ukichagua nyumba kwa kuangalia kodi tu, ukaangukia mahali ambapo basi jekundu la Mwasalat halipiti, umejihukumu kifungo cha jioni. Ruwi kuna kelele na msongamano, lakini ukishuka ngazi kuna kila kitu: muhogo, ndizi za kupika, fundi cherehani, maduka ya kutuma fedha. Al Khuwair ni tulivu zaidi na basi lipo. Ukiweza gari, pambana na leseni mapema, maana inachukua muda na subira. Kuna mtihani wa mapipa: unarudisha gari nyuma katikati ya mapipa yaliyopangwa, na ukigusa umeanguka. Nimeona madereva wa malori wa miaka mingi wakitoka pale wameinamisha vichwa.

Jioni za baridi, kuanzia Novemba, nenda ufukwe wa Qurum ambako vijana hupiga mpira mchangani maji yakipungua. Omba namba, utapewa. Huko ndiko nilikopata rafiki wa Kisudani na wa Kibaluchi, watu ambao hawana Kiswahili hata kidogo, na ndio walioniambia kuhusu kazi niliyo nayo sasa. Ningekaa na kundi letu tu ningesikia nafasi zilezile ambazo kila mtu wa kundi letu ameshazisikia. Ukialikwa kwenda mabondeni, Wadi Shab na kwingineko, nenda pia, ila mawingu yakikusanyika mlimani toka bondeni. Mvua hunyesha mbali huwezi kuiona, maji yanafika kwako yakiwa ukuta. Kuingiza gari kwenye wadi inayotiririka ni kosa kisheria, na kila msimu kuna wanaofia humo.

Kundi letu nalo lina mambo yake. Sisi ni watu wa michango. Amefiwa fulani, ameoa fulani, ameumwa fulani, mara moja linafunguliwa kundi la WhatsApp na orodha ya majina na ahadi. Oman, kukusanya fedha za umma bila kibali ni kosa. Watu wawili watatu mnaojuana kumshika mkono rafiki ni jambo moja, kurusha tangazo la mchango kwa makundi yote ya mji ni jambo jingine. Kukitokea msiba mkubwa, maiti inahitaji kusafirishwa, viongozi wa jumuiya na ubalozi wetu uliopo hapahapa Muscat ndio mlango. Na hayo matusi ya utani tunayotupiana baada ya mechi ya Simba na Yanga yaache nyumbani. Kumtukana mtu kwa simu hapa kunapelekwa polisi kweli, na ujumbe wako wa sauti unachezwa mbele ya afisa.

Mizigo ya "nibebee tu hiki kidogo" ikatae. Hata ikitoka kwa mama wa rafiki yako. Mairungi ambayo Nairobi yanauzwa barabarani, hapa ni dawa za kulevya, na zipo dawa za maumivu ambazo bila cheti cha daktari zitakukalisha uwanja wa ndege usiku kucha.

Fedha za nyumbani sitazungumza sana, kila mtu na ukoo wake. Mshahara kwa sasa haukatwi kodi ya mapato. Sheria iliyotoka 2025 italeta asilimia 5 kuanzia 2028, lakini kwa kipato kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, na mimi viwango hivyo navisikia kwenye taarifa ya habari tu. Nilichofanya ni kuwatangazia nyumbani tarehe moja ya mwezi na kiasi kimoja. Kaka mkubwa alinuna. Mama alielewa haraka kuliko wote, akaanza yeye mwenyewe kuwajibu wengine, "Subirini tarehe."

Kiangazi ndicho kipimo. Nyuzi zinapita 40, mji unajifungia ndani, familia za wenzako zinasafiri, na wewe unatoka kwenye kiyoyozi cha nyumbani kwenda cha gari kwenda cha ofisi, unashangaa kwa nini umechoka na hujabeba kitu. Wengi wanaandika barua za kuacha kazi Julai. Kama likizo haijafika na nauli ya kwenda nyumbani imepanda, panda basi la usiku kwenda Salalah. Ni kama kilomita 1,000, safari ya saa kumi na mbili hivi, lakini huko kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba kuna ukungu na manyunyu, milima ni ya kijani, na kando ya barabara wanauza madafu na ndizi zilizokatwa asubuhi hiyohiyo. Kata tiketi mapema, maana Ghuba nzima inakwenda huko. Na beba koti: kiyoyozi cha basi kile hakina huruma, na dereva haombeki.